Uswidi: Kwa nini magari ya kale ya Marekani yangali yanapendwa

Kila mwanzoni mwa mwezi wa Julai, barabara ziendazo Västerås, mji ulio kando ya ziwa Mälaren kiasi cha kilomita 100 magharibi ya Stockholm, hujaa magari yasiyofanana na yale ya siku nyingine za mwaka. Hupita Chevrolet za mwaka 1957 zilizopakwa rangi mbili, Cadillac ndefu kama mashua, Buick na Plymouth zilizosuguliwa hadi mtu aweza kujitazama uso katika bampa. Nyuma yake hufuata mengine ya ukoo huo huo, ila hayo yana kutu, vioo vilivyopasuka na viti vilivyochanika, nayo yamepakia vijana hadi kwenye buti. Muziki ni rokenroli ya miaka ya 1950. Mwendo ni wa polepole, kwa kuwa hakuna anayekwenda popote. Kuzunguka ndiko safari yenyewe.

Mtu aliyevuka kwa meli kutoka Turku au Helsinki, au aliyehamia katika mji mdogo wa Uswidi bila ya kuelezwa lolote kuhusu desturi hii, hujiuliza mambo mawili. La kwanza ni kwa nini nchi ya Volvo, yenye sifa ya tahadhari na kiasi, imeyapenda hivyo magari mazito, yenye kelele na kiu ya mafuta, yaliyotengenezwa ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. La pili ni zito zaidi: kwa nini juu ya baadhi ya magari hayo hupepea bendera ambayo mtu mweusi hawezi kuitazama bila ya moyo kushtuka.

Majibu ya maswali hayo yanaanzia Detroit.

Mapezi ya ndege juu ya gari

Mwezi wa Februari 1942 viwanda vya Marekani vilisimamisha utengenezaji wa magari ya raia na kuanza kuunda vifaru, malori ya jeshi na ndege. Vita vilipokwisha mwaka 1945, Wamarekani walikuwa na akiba ya mishahara ya miaka mitatu na zaidi bila ya gari jipya la kununua. Viwanda vilirudi kazini vikiwa na wateja waliokwisha kupanga foleni, mafuta ya bei nafuu, na mafundi waliozoea kuunda vitu vikubwa kwa haraka.

Mtu aliyeyapa magari ya zama hizo sura yake, kuliko mwingine yeyote, ni Harley Earl, mkuu wa ubunifu wa umbo katika kampuni ya General Motors hadi mwaka 1958. Wakati wa vita yeye na wasaidizi wake waliiona ndege ya kivita ya Lockheed P-38, yenye mikia miwili, wakavutiwa nayo. Cadillac ya mwaka 1948 ikatokea na vibonge viwili vidogo juu ya taa za nyuma, mfano wa mapezi ya samaki. Havikuwa na kazi yoyote. Havikuongeza kasi wala havikupunguza mafuta. Vilikuwapo ili gari lionekane kama liko karibu kuruka.

Watu wakavipenda, na kampuni nyingine zikaiga. Mwaka 1957 Virgil Exner wa kampuni ya Chrysler alitoa magari ya chini, mapana, yenye mapezi makali yaliyoyafanya ya General Motors yaonekane kama vikongwe. General Motors ikajibu, na mwaka 1959 Cadillac ikatoka na mapezi marefu kuliko yote yaliyopata kuonekana, kila moja likiwa na taa mbili nyekundu mfano wa moto wa roketi. Gari hilo lilikuwa na urefu wa takriban mita 5.7 na uzito wa zaidi ya tani mbili. Baada ya hapo mapezi yalianza kupungua, kwa sababu hapakuwa tena na mahali pa kuyapandisha.

Nyuma ya uzuri huo palikuwa na hesabu ya biashara. Umbo la gari lilibadilishwa kila mwaka kwa makusudi, ili mwenye gari la mwaka jana ajihisi amebaki nyuma na kulibadilisha. Matokeo yake ni kwamba mpenzi wa magari hayo leo aweza kutaja mwaka wa Chevrolet kwa kuitazama taa ya nyuma tu, kama mfugaji ajuavyo ng'ombe wake kwa mabaka. Kwa upande wa pili, gari la miaka mitano lilihesabiwa kuwa zee na bei yake ilianguka vibaya. Anguko hilo la bei litakuwa na maana kubwa tutakapofika Uswidi.

Kuhusu injini, jina la V8 halihitaji maelezo kwa msomaji wa Afrika Mashariki, kwani Dodoma na Nairobi V8 ni gari la mkubwa, nalo huandamana na king'ora. Kwa asili, hata hivyo, jina hilo lina maana ya mpangilio wa silinda nane katika safu mbili zinazokutana chini kama herufi V. Mwaka 1955 Chevrolet ilitoa injini ya namna hiyo iliyokuwa nyepesi na rahisi kutengeneza, yenye ujazo wa lita 4.3 na nguvu ya farasi 162, ikaiweka katika magari ya watu wa kawaida. Ili kupima tofauti, Volvo PV444, gari ambalo familia za Kiswidi zilikuwa zikijiwekea akiba kulinunua baada ya vita, lilianza na injini ya lita 1.4 na nguvu ya farasi 40. Injini kubwa namna ile haikulazimika kuhangaika. Ilizunguka polepole na kutoa sauti nzito ya chini, na sauti hiyo, wasemavyo wapenzi wake, ndiyo nusu ya sababu ya kulimiliki gari lenyewe.

Uswidi haikubomolewa

Nchi nyingi za Ulaya zilitoka vitani zikiwa vifusi. Uswidi haikupigana. Viwanda vyake vilikuwa vizima, chuma na mbao zake zilitafutwa na kila aliyekuwa akijenga upya, na mishahara ya wafanyakazi ikapanda mwaka hadi mwaka. Majirani walikuwa katika hali nyingine. Ufini ililipa fidia ya vita kwa Umoja wa Kisovieti hadi mwaka 1952, na uagizaji wa magari ya binafsi haukuachwa huru hadi mwaka 1962. Norwei nayo iliendelea kuyauza magari ya binafsi kwa vibali hadi mwezi wa Oktoba 1960. Mswidi mwenye fedha alikwenda dukani tu.

Tena magari ya Marekani hayakuwa mageni kwake. General Motors ilikuwa na kiwanda cha kuunganisha magari jijini Stockholm tangu mwaka 1928, na kampuni ya mjini Nyköping iliunganisha Plymouth na Chrysler. Madaktari, wenye viwanda na madereva wa teksi waliyanunua yakiwa mapya. Jambo jingine lililosaidia ni la ajabu kidogo: Uswidi iliendesha upande wa kushoto wa barabara, kama ilivyo Kenya na Tanzania, lakini magari yake karibu yote yalikuwa na usukani upande wa kushoto, kama ya Kongo au Burundi. Gari lililotoka Detroit halikuhitaji kubadilishwa chochote. Mchanganyiko huo, uliomfanya dereva anayetaka kulipita lori achungulie kwa hatari, uliendelea hadi alfajiri ya tarehe 3 Septemba 1967, nchi nzima ilipohamia upande wa kulia kwa siku moja.

Yule daktari alipolichoka gari lake baada ya miaka michache, ndipo lilipoanza maisha yake ya pili. Lilikunywa mafuta mno, kodi yake ilikuwa kubwa kwa sababu ya uzito, na umbo lake lilikuwa limepitwa na wakati. Watu wa heshima hawakulitaka tena, kwa hiyo likauzwa kwa bei ndogo. Mnunuzi alikuwa kijana wa miaka kumi na minane au ishirini, mfanyakazi wa kiwanda cha mbao au cha chuma, mwenye mshahara wake wa kwanza na asiye na mke wala watoto wa kulisha. Kwa fedha ambazo zisingemtosha kununua Volvo mpya, alipata gari lililomchukua yeye, wenzake watano na kinanda cha rekodi.

Vijana hao waliitwa raggare. Jina limetokana na neno la Kiswidi la mitaani lenye maana ya kutafuta mpenzi, na ndiyo kazi waliyojulikana nayo: kuendesha kwa mwendo wa kobe katika barabara kuu ya mji, jijini Stockholm hasa ikiwa Kungsgatan, dirisha likiwa wazi, na kuwaalika wasichana wapande. Kati ya miaka ya 1950 magazeti yaliandika habari zao kana kwamba nchi imevamiwa. Mwaka 1959 ilitoka filamu iliyoitwa Raggare!, ya mwongozaji Olle Hellbom, yule yule ambaye baadaye alikuja kupendwa na watoto kwa filamu za Pippi. Wazazi walitishika, vijana waliitazama kama tangazo la biashara.

Ni vyema kusema wazi kwamba hofu hiyo haikuwa ya ulevi na ugomvi tu, ingawa vyote viwili vilikuwapo. Ilikuwa pia hofu ya kitabaka. Gari kubwa lilikuwa alama ya mtu aliyefanikiwa, na sasa lilikuwa mikononi mwa mtoto wa mchoma mkaa. Hakuomba ruhusa ya mtu, alilinunua kihalali, na alilipitisha mbele ya nyumba za wakubwa saa sita za usiku.

Kwa nini hawakuliacha

Mitindo ya vijana huja na kupita. Huu haukupita, na hapo ndipo Uswidi ilipotofautiana na nchi nyingine za Ulaya. Mwaka 1973 mambo mawili yalitokea kwa pamoja. Bei ya mafuta ilipanda ghafla duniani, na nchini Marekani watu wakaanza kuyatupa magari makubwa. Mwaka huo huo George Lucas alitoa filamu ya American Graffiti, inayosimulia usiku mmoja wa vijana wa California mwaka 1962 wakizunguka mjini kwa magari yao. Vijana wa Dalarna na Värmland walijiona wenyewe katika filamu hiyo. Wengine walipanda ndege kwenda Marekani, hasa katika majimbo makavu ya kusini-magharibi ambako gari halioti kutu, wakanunua magari yaliyokuwa yamesahauliwa nyuma ya nyumba na kuyasafirisha kwa meli. Mwaka 1978 wapenzi wa magari hayo walikusanyika Anundshög, penye makaburi ya kale ya nje ya Västerås, na mkutano huo ukakua hadi kuwa miongoni mwa mikubwa zaidi duniani ya magari ya Marekani. Tamasha lenyewe baadaye lilihamishiwa Lidköping, kando ya ziwa Vänern, lakini Västerås ilibaki na mkusanyiko wake wa kiangazi kwa jina jipya.

Anayetafuta sababu moja ya mapenzi hayo hataipata, ila baadhi ya sababu zaonekana kwa macho. Magari haya yanaweza kutengenezwa na mtu wa kawaida. Chini ya boneti mna nafasi ya kutosha fundi kuingiza mikono yote miwili hadi mabegani, na katika malori ya mizigo ya zama zile mtu aweza karibu kusimama ndani. Hakuna kompyuta. Kuna kabureta, plagi, nyaya chache na pampu inayoonekana. Bodi imefungwa juu ya chesisi kwa bolti, hivyo yaweza kuinuliwa na kuondolewa mzima mzima. Anayezijua gereji za chini ya mwembe za Gikomba au Gerezani ataielewa mara moja furaha ya kulifungua gari lote, kulitandaza sakafuni na kulifunga tena likawaka. Kwa kuwa Chevrolet na Ford zilitengenezwa kwa mamilioni, vipuri vipya vinaendelea kutengenezwa Marekani na kuagizwa kwa posta. Mara nyingi ni rahisi kupata taa ya Chevrolet ya mwaka 1957 kuliko ya gari dogo la Ulaya la miaka ya 1980.

Majira nayo yana nafasi yake. Katika nchi ambayo jua hupotea miezi kadhaa, gari la wazi lenye rangi ya waridi ni namna ya kuusherehekea mwezi wa Juni. Tena kiti cha mbele ni benchi moja linalokalisha watu watatu bega kwa bega. Gari la kisasa humtenga kila abiria katika kiti chake kama yai katika trei. Lile la zamani huwakalisha pamoja.

Wapo pia wasiong'arisha kitu. Yale magari yenye kutu yanayopita nyuma ya msafara yana jina lake, pilsnerbil, yaani gari la bia. Huachwa makusudi yakiwa mabovu kwa sura, ili mtu asiogope kumwaga kinywaji juu ya kiti. Anayeendesha anatakiwa awe mkavu kabisa, kwani kiwango cha pombe kinachoruhusiwa kwa dereva wa Uswidi ni kidogo mno. Wanaokunywa ni abiria. Kwa mgeni magari haya ndiyo yanayotisha zaidi. Kwa kweli hayaendi kasi, na walio ndani hutaka zaidi kutazamwa kuliko kugombana, ingawa busara haimkatazi mtu kujiweka mbali na mlevi, awe ndani ya Cadillac au juu ya baiskeli.

Bendera na historia isiyosimuliwa

Lililobaki ni lile swali la pili. Bendera nyekundu yenye msalaba wa buluu na nyota nyeupe, inayoonekana mara kwa mara juu ya magari ya raggare, ni bendera ya vita ya majimbo ya kusini mwa Marekani yaliyojitenga mwaka 1861 ili kuulinda utumwa, yakashindwa mwaka 1865. Karibu miaka mia baadaye ilifufuliwa na wale waliopinga watoto weusi kusoma shule moja na weupe. Yaani bendera hii ilikuwa ikipandishwa upya dhidi ya haki za watu weusi katika miaka ile ile ambamo magari haya yalikuwa yakitoka kiwandani.

Raggare wengi wanaoulizwa hujibu kwamba kwao ni alama ya uasi, ya muziki wa rock wa kusini, na ya mtu wa kijijini asiyeamriwa na wa mjini. Wengi waliifahamu kwanza kupitia mfululizo wa televisheni The Dukes of Hazzard, ulioanza mwaka 1979, ambamo Dodge Charger ya mwaka 1969 ilichorwa bendera hiyo juu ya paa. Jibu hilo laweza kuwa la kweli kwa mwenye kulisema, na bado lisiwe jibu la kutosha. Marekani yenyewe imeendelea kuitathmini: baada ya mauaji ya Wamarekani weusi tisa ndani ya kanisa mjini Charleston mwezi wa Juni 2015, jimbo la South Carolina liliiteremsha bendera hiyo kutoka viwanja vya bunge lake, na mwaka 2020 mashindano ya magari ya NASCAR yaliipiga marufuku. Sheria ya Uswidi haiikatazi bendera hiyo yenyewe, na ndani ya wapenzi wa magari wako wasioitaka kabisa, wanaoona inawafukuza watu wasiokuwa na kosa. Kwa hiyo si haki kumdhania kila mwenye gari la namna hii kuwa mbaguzi. Si haki pia kumwambia aliyeumizwa na bendera hiyo kwamba ni pambo tu.

Kinachosahauliwa katika mabishano hayo ni kwamba historia ya magari haya ni ya Wamarekani weusi vilevile. Maelfu kwa maelfu ya watu waliokimbia ubaguzi wa kusini walikwenda Detroit na kuyaunganisha kwa mikono yao. Berry Gordy, mwanzilishi wa kampuni ya muziki ya Motown, alifanya kazi katika kiwanda cha Lincoln-Mercury kabla ya kuingia studio. Rokenroli inayopigwa katika kila spika ya Västerås ni kazi ya wanamuziki kama Chuck Berry, ambaye wimbo wake wa mwaka 1955, Maybellene, unasimulia Ford ya V8 ikiifukuza Cadillac barabarani.

Kwa familia nyeusi gari halikuwa anasa tu. Ndani ya basi la kusini iliwabidi wakae nyuma au wasimame. Ndani ya gari lao hakuna aliyewaamuru. Mwezi wa Desemba 1955, watu weusi wa Montgomery, jimbo la Alabama, waliposusia mabasi kwa zaidi ya mwaka mzima, mgomo uliwezekana kwa sababu walipanga magari yapatayo mia tatu ya kuwachukua watu kazini na kuwarudisha. Zilikuwa Chevrolet, Ford na Plymouth zile zile. Makanisa yalinunua mengine ya kubebea watu wengi.

Hata hivyo safari ya mbali ilikuwa na hatari. Kuanzia mwaka 1936 mpeleka barua mmoja wa New York, Victor Hugo Green, alichapisha kitabu cha mwongozo kilichoorodhesha hoteli, mikahawa na vituo vya mafuta vilivyompokea msafiri mweusi. Kitabu hicho kiliendelea kuchapishwa hadi miaka ya 1960, na wengi walisafiri nacho pamoja na chakula, blanketi na debe la petroli ndani ya buti, wasije wakafikwa na usiku katika mji ambao hakuna aliyewataka. Buti la Buick lilikuwa kubwa, nalo lilijaa kwa sababu hiyo. Anayesimama kandokando ya barabara ya Västerås akiyatazama magari hayo anaitazama historia hii pia, iwe mwenye gari anaijua au haijui.

Gharama ya kulitunza

Kwa anayefikiria kununua, sheria ya Uswidi ni laini kuliko wengi wadhanivyo. Gari lililotimiza miaka 30 husamehewa kodi ya mwaka, mradi halitumiwi kwa biashara, na tangu mwaka 2018 lililotimiza miaka 50 halilazimiki kupelekwa kwenye ukaguzi wa kawaida. Msamaha huo haumwondolei mwenyewe wajibu wa breki nzuri. Magari haya yalitengenezwa kabla ya mikanda ya usalama kuwa jambo la kawaida, usukani wake ni fimbo ya chuma iliyomwelekea dereva kifuani, na breki za ngoma huchoka zikishikwa mara nyingi katika mteremko. Mkanda wenye ncha tatu, unaotumika leo duniani kote, ulianza kuwekwa na Volvo mwaka 1959, mwaka ule ule wa Cadillac yenye mapezi marefu. Ni vigumu kupata mfano mwingine unaoonyesha vizuri zaidi jinsi mataifa mawili yalivyoliwaza gari kwa njia mbili tofauti.

Mafuta ndiyo maumivu makubwa. Injini ya V8 ya zamani haishangazi mtu ikitumia lita 20 kwa kila kilomita 100 mjini. Tena mwezi wa Agosti 2021 petroli ya kawaida ya Uswidi ilibadilishwa kuwa E10, yenye hadi asilimia kumi ya ethanoli, ambayo hula mipira na mabomba ya magari ya kale. Wenye magari hayo hulazimika kununua ile ya okteni 98, iliyo ghali zaidi. Mipango ya Umoja wa Ulaya ya kupunguza moshi wa magari inahusu magari mapya, wala haiwanyang'anyi wenye ya zamani, lakini wengi wao wanaitazama kwa mashaka: vituo vya petroli vikipungua vijijini, gari litabaki kuwa sanamu.

Wasiwasi mwingine ni umri. Aliyekuwa na miaka ishirini Anundshög mwaka 1978 sasa ni mzee wa kustaafu. Vijana wa vijijini wa leo huanza na kitu kingine, yaani gari la kawaida, mara nyingi Volvo kuukuu, lililofungwa kasi lisizidi kilomita 30 kwa saa na kusajiliwa kama trekta, ili mtoto wa miaka 15 aweze kuliendesha. Wazo hilo lilizaliwa wakati wa vita, matrekta yalipoadimika na wakulima wakayageuza magari mabovu kuwa ya kulimia. Pembetatu nyekundu nyuma ya gari ndiyo alama yake. Muziki ndani yake umebadilika, mzunguko wa Ijumaa usiku katikati ya mji ni ule ule.

Hapa Ufini desturi hiyo ipo pia, ingawa kwa utulivu zaidi. Katika miezi ya kiangazi, Ijumaa ya kwanza ya mwezi, magari ya Marekani huzunguka katikati ya Helsinki jioni, na kuyatazama hakuna kiingilio. Kwa atakayevuka kwenda Uswidi, mbali na Västerås na Lidköping, kuna wiki ya magari ya kale mjini Rättvik, mkoa wa Dalarna, kuelekea mwisho wa Julai. Wenye magari kwa kawaida hupenda kuulizwa. Huifungua boneti kabla swali halijamalizika.

Mwezi wa Oktoba chumvi ikianza kumwagwa barabarani, magari hayo hutoweka. Mwenyewe husimamisha usajili wake hadi majira ya kuchipua ili apunguze bima, huondoa betri, hulifunika gari kwa shuka ndani ya ghala, na kabureta huhamia juu ya meza ya jikoni.